Tumekuona, Fungua Kiambatisho

Jumatatu, 3 Juni

Nimeonwa. Sijui na nani, sijui nikifanya nini, lakini nimeonwa.

Asubuhi nilifika studio kabla ya wenzangu, nikafungua barua pepe za wateja kama kawaida. Maombi ya picha za pasipoti. Mama mmoja anataka mume wake wa zamani afutwe kwenye picha ya familia, ila mkono ubaki, kwa sababu umemshika mtoto. Halafu hii, haina jina la mtumaji: "Tumekuona. Fungua kiambatisho ujionee."

Nikajipekua moyoni. Ni ile siku niliyolala nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lenye mchoro wa maporomoko ya maji? Au pale nilipokalia kiti cha bosi na kujipiga picha nikiwa nimekunja uso kama mkurugenzi? Makosa ni mengi, ushahidi sijui ni wa lipi. Mtu atajiteteaje namna hiyo?

Na bosi ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama mzazi. Studio ni yake. Ananipenda, lakini mapenzi yake yana ukingo, nami ukingo huo nimeshauchungulia.

Nikabofya. Skrini ikapepesa, ikawa nyeusi, ikarudi. Hakuna picha. Hakuna chochote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nimebandika plasta kwenye kamera ya kompyuta. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alinitazama kwa muda usio wa kawaida. Kesho nitapitia mlango wa nyuma.

Jumanne, 4 Juni

Mambo ya ajabu. Miwani amekuja mezani kwangu na kufunga mlango. Miwani ndiye mhariri wetu wa picha, na ni adui yangu. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kunidharau. Leo hakuvaa hata moja. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Akaniuliza nimejua tangu lini.

Sikujua anazungumzia nini. Nikainua nyusi. Akamwaga yote. Kumbe kila jioni ananakili kazi za studio kwenye diski yake na kuipeleka nyumbani, ili awaonyeshe wateja wake wa pembeni kana kwamba picha zote kapiga yeye. Akanisihi nisimwambie Mama Mdogo. Kisha akanionyesha simu yake. Barua pepe iliyotoka kwangu, na anwani ni yangu kabisa: "Tumekuona. Fungua kiambatisho." Kwenye simu kiambatisho kilikataa kufunguka, akahukumiwa na kichwa cha barua tu.

Hapo nikaelewa. Kile kitu nilichokibofya kimeingia kwenye kompyuta yangu, na sasa kinawaandikia watu kwa jina langu. Mtu mwenye akili angechomoa waya na kwenda kusema.

Mimi pia nina akili, ila za namna nyingine. Nikamwambia Miwani nitalifikiria suala lake. Wakati nafikiria, anipe kile kiti chake chenye magurudumu. Kanipa. Kinazunguka mpaka mtu unapata kizunguzungu.

Jumatano, 5 Juni

Barua zimefika mbali. Mama mkwe kampigia mke wangu akilia. Anasema kama nimemwona, basi nimsamehe, ni kweli koti langu la harusi alimpa mtunza bustani. Mke wangu akaniuliza tangu lini nampeleleza mama yake. Nikamjibu kwamba mwanamume hutazama mambo ya nyumba yake. Akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane, kisha akaenda kubadilisha mahali anapoficha kitu fulani. Sijui kitu gani. Hakikuwa kitu kidogo, kwa sababu nilisikia kabati likiburutwa.

Studio, Mama Mdogo akaniita ofisini. Nikaingia nikiwa na tabasamu la mtu anayejua siri. Akasema kwa upole, "Mwanangu, kama umenisikia nikiongea na mama yako kuhusu kukutoa kazini, bora tuzungumze wazi."

Sikuwa nimesikia. Sasa nimesikia.

Eti aliniajiri kwa sababu mama alimbembeleza, na amevumilia vya kutosha. Nikamuuliza kama amefungua kiambatisho. Akasema hapana, aliogopa. Nikatoka. Kwa hiyo mimi ndiye mtu pekee, katika wote hawa, aliyekifungua.

Alhamisi, 6 Juni

Picha zinakufa.

Kompyuta zetu zote zinachota picha sehemu moja. Leo nimefungua picha za harusi ya juzi, nikakuta kijivu kitupu. Nikafungua za mahafali. Kijivu. Watoto wachanga, wanakwaya, timu ya mpira, wote kijivu. Majina ya faili yamegeuka herufi zisizosomeka. Nilikaa nikishuhudia watu wakitoweka mmoja mmoja mbele ya macho yangu, na kipanya changu mwenyewe kikiwa kimeganda mkononi.

Nikachomoa waya. Nimechelewa.

Halafu nikamkumbuka mzee wa stesheni. Ni mkuu wa stesheni mstaafu. Alituletea picha ya marehemu mkewe, bibi amekaa juu ya sanduku la safari, anacheka mpaka macho yamefumba. Tukaiingiza kwenye kompyuta ili tuikuze, tukamrudishia ya karatasi. Baadaye paa lake likavuja, ile ya karatasi ikaloa na kuharibika. Yetu ndiyo imebaki. Nilipaswa kuichapa zamani, nikawa naahirisha. Kesho asubuhi anakuja kuichukua.

Nimeifungua. Kijivu.

Sijamwambia mtu. Mama Mdogo akijua, kesho sina kazi. Nimewaambia wote kwamba umeme unasumbua kompyuta, wasiziguse. Kisha nikapata wazo. Kwenye fremu za mfano dirishani kuna bibi mmoja naye anacheka. Umri ni uleule. Nimeipiga upya kwa kamera, nikaipa ukungu kidogo pembeni ili ionekane ya zamani, nikaichapa kubwa bila kupitia kompyuta. Macho ya mzee si mazuri. Nimeshaitia fremu.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee alikuja amevaa suti na tai. Nikampa fremu, nikarudi nyuma hatua kadhaa.

Akaishika kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nikaanza kuamini mpango umefaulu. Halafu akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Huyu bibi ni mzuri. Lakini mimi simjui."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikajaribu kusema picha zikikuzwa watu hubadilika kidogo. Mzee akauliza, "Wa kwangu yuko wapi?" Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema yote, tangu ile barua mpaka ile picha ya kijivu. Mzee akakaa kwenye kiti cha wateja, fremu ya mgeni mapajani, akatazama viatu vyake.

Kisha Miwani, uso umempauka, akasema anatoka mara moja kwenda kwake. Mama Mdogo akamuuliza kwenda kufanya nini. Miwani akanitazama, akamtazama mzee, akasema, "Mama, picha zote ninazo nyumbani. Nitakueleza kwa nini."

Akaondoka mbio. Tukasubiri. Miwani aliporudi na diski, Mama Mdogo alimzuia asiichomeke popote mpaka ikaletwa kompyuta ngeni kutoka kwa jirani. Faili likafunguka. Bibi akatokea, juu ya sanduku lake, anacheka.

Mzee akagusa skrini kwa kidole. Akasema siku ile treni ilikuwa imewaacha.

Jumatatu, 10 Juni

Miwani alikemewa kwa nusu saa, kisha akapewa cheo cha mtunza nakala. Ndiyo dunia. Mimi sikufukuzwa, mzee aliniombea. Kazi yangu sasa ni kunyanyua videvu vya wateja kabla hawajapigwa picha. Kompyuta nisiguse.

Fundi alikuja kusafisha mashine na kutufundisha. Barua ya usiyemjua, usifungue kiambatisho chake kwenye kompyuta yako. Nilitikisa kichwa kukubali kuliko wote.

Mchana Mama Mdogo ametoka kwenda kwa fundi wa fremu, kaniachia kazi ya kupokea simu ofisini kwake. Barua ikaingia kwenye kompyuta yake. Imetoka Kitengo cha Usalama wa Barua Pepe, wanaonya sanduku letu litafungwa leo hii tusipofungua kiambatisho. Studio nzima hatarini, na hakuna mkubwa hata mmoja!

Nikamkumbuka fundi. Alisema kwenye kompyuta yako. Hii si yangu.

Nimeshabofya. Imeniomba nisubiri. Nasubiri nimekaa wima, shati nimechomekea, ili Mama Mdogo akirudi aone nani kaiokoa studio.