Rusty Bohannon na Kikombe Changu cha Kahawa

Jumatano, 5 Februari

…na ndiyo maana siwezi kumwambia. Leland wangu! Ndoa bado mbichi kabisa, nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unaruka. Lakini anampenda Rusty Bohannon, yule shujaa wa filamu. Mji mzima unampenda. Mimi simpendi hata chembe!

Shujaa gani yule? Anamwacha mchumba wake, Marlene, kwenye kituo cha petroli katikati ya tufani ya theluji. Anamwambia, "Nishikie kahawa," anapanda greda la kusukuma theluji, huyoo, kwenda kuokoa watu. Anarudi theluji imeyeyuka. Marlene bado ameshika kikombe! Hata simu hakupiga! Na ukumbini wanaume wazima wanalia kwa raha.

Leland aliniposa kwa maneno hayohayo, pete ndani ya kikombe. Nikamjibu kama Marlene, kwamba nitaishika mpaka theluji iyeyuke. Nikaongeza kwamba filamu ile naipenda tangu utotoni. Uongo mtupu! Sasa Jumamosi ni onyesho la kila mwaka, na maharusi wapya ndio huigiza tukio hilo mbele ya skrini. Niachwe kwenye benchi, mji mzima ukinirushia glavu, ati nisigande kwa baridi!

Akijua nilimdanganya siku ya posa, ataamini nini tena kutoka kinywani mwangu?

Alhamisi, 6 Februari

Nimeugua. Yaani, nimechovya kipimajoto kwenye chai.

Baba mkwe Orrin amekuja na supu. Akakitazama kipimajoto, akanitazama mimi. Akasema kwa joto hilo, mwanangu, leo tungekuwa tunakuzika. Nikapona papo hapo.

Kubadili mazungumzo nikamuuliza habari za kibanda chake kule ziwani, anakovulia samaki kwenye tundu la barafu. Akauliza kama napenda uvuvi huo. Nikasema naupenda mno! (Naogopa barafu kuliko kifo.) Mzee akafurahi, machozi yakamlengalenga. Kumfurahisha mzee ni thawabu.

Ijumaa, 7 Februari

Greda! Leland ameliunda mwenyewe huko gereji kwa maboksi, akalipaka rangi ya manjano, na ubavuni akaandika jina langu ndani ya moyo. Bila greda hakuna kuachwa. Asubuhi nikaacha mlango wa gereji wazi, theluji ikaingia.

Jioni likawa uji. Leland hakugomba. Alikaa chini kando yake, kofia mkononi. Nilitamani ardhi inimeze! Tukalikausha kwa mashine yangu ya nywele, bega kwa bega. Akanibusu kipaji cha uso, akasema ana bahati kunipata. Mimi!

Halafu wifi Britta, dada yake, akaingia akitabasamu kama paka. Mwaka juzi Marlene alikuwa yeye, na mpaka leo hajashuka jukwaani. Akaninong'oneza, "Wifi, theluji haina siri. Nyayo za mlangoni ni za buti zako." Akasema kesho niigize vizuri, nilie machozi ya kweli, la sivyo atamwambia kaka yake kila kitu.

Sikula.

Jumamosi, 8 Februari

Ukumbi umefurika. Benchi, kikombe, na mimi. Britta mstari wa mbele, kidole mdomoni kunikumbusha siri.

Leland akanipa kikombe, mzuri kama siku ya harusi! "Nishikie kahawa." Ukumbi wote ukasema naye. Akaingia ndani ya greda, akaanza kuondoka. Glavu zikaninyeshea. Zamu yangu. Nikafungua mdomo, maneno yakatoka:

"Na mimi je? Shika mwenyewe!"

Glavu moja ikaanguka, nikaisikia.

Nikamkimbilia, nikajitupa ndani ya greda, goti likatoboa moyo wenye jina langu. Britta akapaza sauti: kaka, hata mlango wa gereji aliuacha wazi yeye! Leland akaniuliza polepole kama ni kweli. Nikasema ndiyo. Nikasema na Rusty simpendi, sijawahi kumpenda.



Jumapili, 9 Februari

Leland alilala sebuleni. Nimelia mpaka mto umelowa.

Asubuhi akaja na vikombe viwili vya chai. Chai! Akasema Rusty si ndugu yake, angeniposa hata kwa glasi ya maji. Kilichomuuma ni greda, na kwamba nilimwogopa. Akaniomba kitu kimoja tu, nisimdanganye tena, wala yeye wala watu wake. Nikaapa, mkono kifuani. Akacheka, akanikumbatia. Ah, mume wangu! Mimi ni mwanamke mpya!

Ndipo simu ikalia. Baba mkwe. Ameshatoboa tundu kwa ajili yangu, pale barafu inapolia ikipasukapasuka usiku kucha, na amenunua kiti kidogo. Akauliza, au nilisema tu kumfurahisha mzee? Leland ananitazama, kikombe mkononi.

Nikamwambia Baba hata usingizi sipati kwa hamu. Tutakuja, Baba, kabla mwezi haujaisha!