Mwizi wa Mikungu

Jumamosi, 14 Juni 2025. Rwamishenye.

Likizo ndiyo kwanza imeanza, na nimeshachoka na habari za meli. Mwaka jana shemeji Ildefons, kaka wa mke wangu Evelyne, aliwapeleka wanangu Mwanza kwa meli. Mara moja tu! Tangu siku hiyo kila mgeni anayeingia humu anasimuliwa meli. Leo ilikuwa zamu ya katekista. Kemilembe, miaka kumi, kasimulia honi. Audax, miaka saba, kaipiga honi yenyewe. Katekista akauliza, na baba alikuwa wapi? Kemilembe kafikiri kidogo, kisha kasema baba alitusindikiza bandarini.

Alitusindikiza bandarini! Nikifa leo nitakumbukwa kwa hilo tu. Nimeumia, sifichi.

Nimeamua. Likizo hii wanangu watapata kumbukumbu ya maisha, na mimi nitakuwa ndani yake. Nafunga duka la fotokopi. Kesho tunaenda Buganguzi kwa mama.

Jumapili, 15 Juni. Buganguzi.

Tumefika salama. Mama, ambaye kijiji kizima kinamwita Ma Joviana, kafurahi sana kutuona. Hajui kilichotuleta.

Mpango wangu ni omulamba, juisi ya ndizi, kama alivyoikamua marehemu baba. Unafukia embiire shimoni, zile ndizi za kukamua. Zikishaiva unazimenya, unazikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi inachuruzika. Nilikuwa na umri wa Audax. Naiona miguu ya baba hadi leo. Ildefons ana meli. Mimi nina miguu.

Evelyne kauliza kama naijua embiire nikiiona. Nikamjibu mimi ni Mhaya. Kasema hakuuliza kabila.

Jumamosi jumuiya ya kanisa inasali hapa kwa mama. Watakunywa omulamba uliokamuliwa na mimi na wanangu! Ni siri. Watoto wameapa.

Jumatatu, 16 Juni.

Mama alikuwa upande wa juu akichuma kahawa. Sisi tukateremka hadi mwisho wa kibanja, shamba la migomba, penye mti wa msambya, ndipo baba alipopanda embiire zake. Mahali napakumbuka vizuri sana. Nimekata mikungu mitatu, minene ajabu! Kemilembe kasema ndizi za namna hii ndizo bibi huwa anapika. Nikamwambia mtoto wa mjini hawezi kujua mambo haya.

Tumechimba shimo nyuma ya zizi la zamani, tukatandika majani ya mgomba, tukafukia. Kiuno hakinyooki. Audax kalala kifudifudi juu ya shimo asikilize ndizi zikiiva. Anasema amezisikia.

Jumanne, 17 Juni.

Balaa! Mama kaibiwa! Mikungu mitatu ya ebitoke, ndizi za kupika, chakula chenyewe alichokuwa anakitunza kwa ajili ya jumuiya. Kakaa mlangoni, chai imepoa mkononi. Anasema miaka yote ya ujane hajawahi kufanyiwa hivi.

Damu imenichemka. Mtu gani huyu, anamwibia mjane! Kemilembe kanivuta shati mara kadhaa. Nikamwambia atulie, watu wazima wanaongea.

Jumatano, 18 Juni.

Kikao cha dharura kwa Ta Rutaihwa, mwenyekiti wa kitongoji. Nilisimama. Nilisema kwa uchungu, na bila kujisifu, niliongea vizuri. Nikapendekeza adhabu: mwizi akipatikana abebe gogo la mgomba kichwani, kutoka mlangoni kwa mama hadi kanisani, huku akiimba, na watoto wampigie debe nyuma.

Ta Rutaihwa kauliza, waitu, hiyo si kali mno? Nikasema mwizi hahurumiwi, hata awe mtoto wa nani. Makofi! Nimetembea hadi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 20 Juni.

Mama kanunua mchele. Wageni watakula wali, katika nyumba ya Kihaya! Anasema watakaoshiba watashiba, lakini hakuna atakayesema amekula. Nimemfariji. Nimemwambia kesho Mungu atamfuta machozi. Kanitazama, kanipima homa kwa kiganja.

Shimo linanukia. Nimekwenda kuligusa, lina joto zuri. Evelyne kauliza tena habari za embiire. Huyu mwanamke hana imani.

Jumamosi, 21 Juni.

Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo. Shingo haigeuki.

Jumuiya wamesali. Wamekula wali kwa adabu. Kisha nikasimama, nikatangaza kwamba mimi Kamugisha na wanangu tuna zawadi. Nikawaongoza wote nyuma ya zizi. Watoto wakafukua. Ndizi zimeiva, za njano! Tukazimenya, nikakunja suruali, tukaingia kwenye mtumbwi, mimi, Kemilembe na Audax, tukakanyaga. Tumekanyaga sana. Kilichotoka ni uji. Uji mzito, hata tone moja la juisi hakuna. Nikaongeza nyasi. Ukawa uji wenye nyasi.

Ta Rutaihwa kaokota ganda moja, kaligeuza, kalinusa. Kasema polepole kwamba hii si embiire. Ni ekitoke, ndizi ya kupika. Kisha kahesabu mikonyo iliyobaki: moja, mbili, tatu.

Kumbe baba alipofariki mama aling'oa embiire zote pale penye msambya, akapanda chakula. Mimi ningejuaje?

Mama katazama shimo, kanitazama mimi nilivyojaa uji hadi magotini. Kasema mwenyekiti hana haja ya kusumbuka tena, mwizi amepatikana. Halafu kacheka hadi akashikilia mgomba asianguke.

Nikajaribu kueleza kwamba ile adhabu, ukiitazama vizuri, ni kali mno. Ta Rutaihwa kanikumbusha: hata awe mtoto wa nani.

Nimelibeba. Utomvu umeniharibia shati jeupe moja kwa moja. Audax alipiga debe kana kwamba analipwa. Kemilembe alikuwa ameshika ncha ya shati langu njia nzima, akiniambia mashimo ya barabara yako wapi. Niliimba wimbo wa kutoa sadaka kwa sababu hakuna mwingine uliokuja. Ubeti wa pili nikausahau, watoto wakaketi njiani kwa kucheka. Nami nilicheka kidogo. Ni uchovu.

Jumapili, 29 Juni. Rwamishenye.

Aibu imenifuata mjini! Baada ya misa Ildefons alikuwepo, kavaa miwani ya jua. Katekista akauliza watoto habari za likizo. Ildefons akasogea, anajua itakuja meli. Kemilembe kaanza na shimo. Kasimulia uji, mikonyo, gogo, wimbo. Audax kaigiza mwendo wangu, shingo na yote. Watu walijaa. Katekista alifuta machozi, akaomba Audax arudie. Meli haikutajwa hata kidogo. Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani Kemilembe kanishika mkono, kauliza kama Desemba tutarudi kwa bibi tuibe tena. Audax kasema yeye meli hapana, yeye anataka debe. Maskini wanangu. Kumbukumbu hii mbaya imewaingia kabisa, ni lazima niifute haraka kwa nyingine ya maana.

Nimempigia shemeji simu kumuuliza ratiba ya meli ya Mwanza. Hakujibu swali. Badala yake kaomba Desemba aje nasi Buganguzi, atabeba hata jembe. Namshangaa. Nimemwambia tutaona, sasa hivi natafuta tiketi.