Kibali cha Kusafirisha Maji

"Wananchi wote wa Chiwata mnatangaziwa kwamba mvua kubwa ya El Nino imepokelewa ofisini na inashughulikiwa."

Severina, mama yake Huruma, alilisoma tangazo hilo mara mbili, kisha akatazama ukuta wa bwawa uliokaa juu ya nyumba yake. Bwawa lilijengwa na Waingereza. Mwaka jana ufa ulikuwa kama uzi. Sasa ulimeza kiganja. Maji yalishajaa pomoni, na El Nino yenyewe ilikuwa bado haijaripoti kazini.

Akaenda kwa Mratibu wa Maandalizi, Bwana Edmund. Huyu alizaliwa kule juu Newala, ambako watu huteremka bondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani, kwa hiyo hakuweza kuona maji yakimwagika bila kushika kifua. Maandalizi yake ya kwanza yalikuwa kuuziba mfereji wa kupunguzia maji. Mkondo wake ulipokauka, akajenga humo nyumba yake mpya ya bati.

"Bwana Mratibu, ukuta utabomoka. Tuzibue mfereji."

"Mama Huruma! Umwage maji? Bibi yangu alioga kwa kikombe kimoja!"

"Bibi yako hakulala chini ya bwawa."

Bwana Edmund akakohoa kiofisi. "Hizi ni zama za soko huria, mama. Hata maji yana utaratibu. Yakitaka kusafiri, yajaziwe fomu. Nakala tatu."

Severina akajaza. Kiasi: yanayozidi. Njia: ileile ya zamani. Sababu ya safari: watu wasife. Mpokeaji: akaacha wazi.

Bwana Edmund alihesabu nakala, akakuta ni tatu kamili, machozi yakamlengalenga. Hajapata kumwona mwananchi wa namna hii. Akagonga mhuri mara sita. Kusoma hakukuwemo katika utaratibu.

Mvua ilipoanza asubuhi ya Jumanne, kina mama walibeba majembe wakauzibua mfereji kihalali kabisa. Maji yakatoka kwa adabu, yakashika njia yake ya zamani. Ukuta ukasimama. Nyumba ya Severina haikulowa hata kizingiti.

Saa nne Bwana Edmund alikuwa amesimama juu ya meza yake ya chakula, suruali kaikunja magotini, akilitazama kochi lake likielea kuelekea Nanganga.

"Nani ameruhusu haya?" akapiga kelele.

Severina akaingia akikata maji, fomu kaiviringisha kwenye nailoni.

"Pole na kazi, Bwana Mratibu. Mzigo umefika salama. Weka saini hapa, palipoandikwa mpokeaji." Akamnyooshea kalamu. "Nakala tatu."