Masharti ya Stika

Injinia hakuwa na gari, wala leseni, wala cheti chochote cha uinjinia. Siku ile alikuwa nyuma ya duka kubwa kwa sababu mlinzi wa maegesho alikuwa na soketi kwenye kibanda chake, na simu ya Injinia ilikuwa imebakiza asilimia nne. Alimwamkia mlinzi kwa heshima zote, akachomeka simu, akaegemea ukuta. Ndipo akayaona yale magari ya umeme.

Yalikuwa manne, yamepanga foleni mbele ya mashine mbili za kuchajia haraka. Mwanamume mmoja mwenye tai alichomoa waya, akasoma kioo cha mashine, akafumba macho, akasoma tena. Mwanamke aliyemfuata alimpa pole.

"Mzee, pale kuna mtu amefiwa?" Injinia aliuliza.

"Wanalipa," mlinzi alijibu. "Nyumbani wangelipa robo ya ile. Lakini nyumbani gari linashinda kwenye waya siku nzima, na wengine hawana hata pa kuliegesha. Basi wanakuja hapa, wanalipa, wanatukana, kesho wanarudi."

Mtu anayelipa, anayetukana na anayerudi! Katika kazi ya Injinia hapakuwa na kiumbe mtamu kuliko huyo.

Injinia alikuwa na tabia moja nzuri, nayo ndiyo iliyomfanya awe hatari: alisoma kila kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kando ya mashine kulikuwa na ubao. Mlinzi alikuwa ametundika koti lake juu ya ubao huo tangu mwaka juzi. Injinia alilinyanyua koti, akasoma. Mashine, ubao ulieleza, haitozi kwa kiasi cha umeme ulioingia. Inatoza kwa dakika, mia tano kila moja. Betri ikiwa chini hupokea umeme kwa kasi, ikikaribia kujaa hupokea kidogo kidogo. Kutoka asilimia ishirini hadi themanini ni dakika thelathini. Ile ishirini ya mwisho nayo inataka dakika thelathini nyingine. Gari likijaa na kuendelea kukaa, linatozwa faini. Kwa hiyo wateja wanaombwa, tafadhali, wachomoe kwenye themanini.

Mtu mwema angeliondoa lile koti. Injinia alilirudisha, akalitandaza vizuri, akafunga na vifungo.

Baada ya siku tatu alirudi amevaa ovaroli ya bluu, kalamu mbili mfukoni, na mkononi bahasha ya stika za duara za rangi ya fedha zilizochorwa radi. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Pacha.

Huyu alikuwa dereva wa teksi. Alikuwa ameuza vyerehani vyake viwili akanunua gari dogo la umeme, kwa kuwa aliambiwa halinywi mafuta. Hakuambiwa linakunywa nini badala yake. Wiki ile alikuwa ameanza kufikiria kumuuzia Bosi. Bosi alikuwa na teksi kumi na moja, zote alizinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa madereva waliochoshwa na gharama za chaji. Kila mara alipita kituoni akiuliza hali ya betri za watu, kwa sauti ya mtu anayemtembelea mgonjwa mwenye mali.

"Dada, samahani," Injinia alianza. "Hapa unalipa bei ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu."

"Hapana. Unalipa bei ya mgeni. Mashine haikujui."

"Na isinijue! Bila kunijua imenikamua hivi, tukifahamiana si itanimaliza?"

Injinia alicheka kwa adabu, akatoa stika moja. "Hii unaibandika kando ya tundu la waya. Mashine ikiihisi, inadhani gari liko nyumbani. Inakutoza bei ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Hiyo ni sayansi, dada."

Mama Pacha aliigeuza stika. Hakuiamini. Lakini alipotazama kioo cha mashine, alijikuta haamini na mashine pia, na kati ya wale wawili ni Injinia peke yake aliyemwita dada.

"Masharti yake?" aliuliza.

Injinia alikuwa akilingoja swali hilo. Watu hawasomi maelekezo, lakini masharti ya dawa wanayashika, hasa wakishailipia.

"La kwanza, usije hapa kabla betri haijashuka hadi ishirini. La pili, ikifika themanini unachomoa papo hapo, hata kama unaongea na mkweo. La tatu, gari likichaji usiwashe kiyoyozi. La nne, usiishike stika kwa mkono wa kushoto."

"Nikivunja?"

"Inakufa. Na ikifa, usinililie."

Sharti la nne lilikuwa la urembo tu. Dawa ambayo masharti yake yote yana maana, nani ataiamini?

Mama Pacha alilipa elfu thelathini, akapaka gundi ya ziada, akayashika masharti kama aliyekula kiapo. Zamani alikuja betri ikiwa nusu, kwa woga, akaijaza hadi mwisho kwa dakika arobaini na tano, kisha faini ikaanza kuhesabu huku yeye akimalizia chai yake. Sasa alikaa dakika thelathini kamili, akaondoka, na gari likafika mbali kuliko kwanza. Aliitazama risiti yake, akampigia simu dereva mwenzake.

Katika wiki tatu Injinia aliuza stika arobaini.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: wateja walimshukuru. Dereva mmoja alimletea trei ya mayai. Mwingine alimwombea dua hadharani. Maisha yake yote Injinia alikuwa amebadilisha njia kila alipomwona mteja wa zamani. Sasa wateja walivuka barabara kumfuata, wakicheka, na miguu yake bado ilitaka kukimbia.

Bosi naye hakuwa na raha. Kwa wiki tatu hakuna dereva aliyekuja kumuuzia gari. Alipochunguza akaambiwa habari za stika, akamwita Injinia ofisini kwake.

"Nazitaka zote," alisema. "Na hizo utakazotengeneza kesho. Usimuuzie mtu mwingine hata moja."

"Lakini bosi, mimi ni mtumishi wa watu."

"Milioni nne."

"Watu wenyewe nao hawana shukrani," Injinia alikubali. Kisha, kwa kuwa mkono uliozoea kupiga dili haujui kupumzika, aliongeza, "Na zinaisha nguvu baada ya miezi mitatu. Watalazimika kununua nyingine. Kwako."

Bosi alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kutoa pesa: alione jaribio kwa macho yake.

Habari zilimfikia Mama Pacha kabla ya saa sita mchana. Alikuwa anaoshesha gari. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akishika kichwa. Kununua stika kwa Bosi kila miezi mitatu, kwa bei atakayoitaka Bosi! Afadhali ampe funguo za gari leo, yaishe. Mawazo yakiwa huko, alilipa mwosha magari, akaenda kituoni, akachaji kutoka kumi na nane hadi themanini, akachomoa. Elfu kumi na tano na mia tano, kama kawaida. Alipokuwa anafunga kifuniko cha tundu la waya ndipo akaona pale penye stika pamebaki alama ya gundi. Mwosha magari alikuwa ameisugua, akidhani ni uchafu.

Mama Pacha aliisoma risiti yake tena. Stika hakuna. Bei ni ileile. Alichokuwa nacho ni masharti tu.

Alianza kuikagua mashine pande zote, kisha ubao, kisha koti. Alifungua vifungo, akasoma hadi mwisho. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mlinzi akatoka kibandani.

"Mama, kuna nini?"

"Mzee wangu, hili koti lako linauzwa milioni nne."

Alasiri hiyohiyo alimkuta Injinia kwenye meza yake ya kazi, yaani meza ya duka la soda ambayo mwenye duka alikuwa amechoka kuidai.

"Kaka Injinia, nimesikia Bosi anakununua."

"Anainunua sayansi, dada."

"Milioni nne? Amekudharau. Sisi madereva tumechanga, tutampita. Wewe fanya jaribio Jumamosi asubuhi, watu wote waone. Bosi aje na gari lenye stika. Mimi nitabandua yangu, nije bila kitu, nijaze kizembe kama zamani. Risiti zikitoka, unasikia mnada wenyewe."

Macho ya Injinia yalianza kung'aa.

"Ila watu ni wagumu," Mama Pacha aliendelea. "Wanaamini pesa wakiiona. Zile ulizokusanya kwetu, bado unazo?"

"Karibu zote. Nimekula kidogo."

"Zilete, uziweke mezani kwenye mkoba wazi. Mtu akiona wenzake wamenunua kiasi hicho, mwenyewe atashika mfuko."

Injinia alimtazama kwa heshima. "Dada, wewe ungefika mbali katika fani yetu."

"Uinjinia?"

"Ehe. Huohuo."

Jumamosi uwanja ulijaa. Mlinzi alitoa meza yake, na mkoba ukakaa juu yake ukiwa wazi kama kinywa cha mwimbaji. Magari mawili yalifika betri zikiwa ishirini kila moja. Injinia alibandika stika kwenye gari la Bosi kwa mkono wa kulia, huku akinong'ona namba. Waya zikachomekwa kwa pamoja.

Dakika thelathini zilipita kwa matani. Mashine zote mbili zikaonyesha themanini.

"Bosi, chomoa," Injinia alisema kwa sauti ya chini.

"Nichomoe kwa nini? Si umesema bei ya nyumbani?" Bosi alikuwa amekaa ndani, kiyoyozi kimewashwa, kiti kimelazwa. "Kwenye bei ya nyumbani ndipo mtu anajaza."

"Bosi, masharti."

"Masharti ni ya wanaonunua moja. Mimi nanunua zote."

Injinia alimgeukia Mama Pacha kujifariji kwa uzembe wake, akakuta ameshachomoa. Alikuwa anaukunja waya wa mashine taratibu, anaurudisha mahali pake.

"Dada! Si ulisema utajaza?"

"Nimeshiba, kaka."

Ikapita nusu saa ya pili, ambayo Injinia aliimaliza akiwa na jasho kama anayechajiwa yeye. Gari la Bosi lilijaa, likakaa dakika nyingine sita akisimulia kwenye simu jinsi anavyonunua uvumbuzi. Hatimaye mlinzi alizichukua risiti mbili, akavaa miwani.

"Lisilo na stika, elfu kumi na tano," alisoma. "Lenye stika, elfu thelathini. Na faini ya kuchelewa."

Ghafla pakawa soko.

"Amevunja masharti!" Injinia alipaza sauti. "Mmeona wenyewe! Stika imekufa kwa sababu amevunja masharti!"

"Kweli kabisa," Mama Pacha alisema. "Na mimi je?"

"Wewe umeyashika."

"Stika yangu iko wapi?"

Injinia alitazama kando ya tundu la waya, akaona alama ya gundi tu.

Mama Pacha aliuendea ubao, akavua koti, akampa mlinzi, naye akalipokea kwa aibu. Kisha aliwasomea madereva maandishi yale, mstari kwa mstari, taratibu, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kujicheka. Mwenye trei ya mayai alicheka kuliko wote. Alipomaliza alikaa nyuma ya meza, akauvuta mkoba.

"Pangeni foleni. Kila mtu na thelathini yake."

"Dada, hilo ni jasho langu!"

"Waambie, kaka. Wako hapa wote."

Injinia aliwatazama wote, arobaini kasoro mmoja, akaamua kutowaambia. Bosi alitoka garini akitafuta mtu wa kumfokea, na kwa kuwa kila mtu alikuwa kwenye foleni, alimjia aliyekaa.

"Mama Pacha, lile gari lako. Bei yangu iko palepale."

"Siuzi, Bosi. Nenda kapooze betri, imejaa sana."

Foleni iliisha. Watu walitawanyika wakiwa wamekariri themanini kama jina la mtoto. Injinia alibaki peke yake mbele ya meza, akingoja kutukanwa. Mama Pacha aliingiza mkono mkobani mara ya mwisho, akatoa noti zilizobaki, akamsogezea.

"Hizi ni zangu. Sizichukui."

"Kwa nini?"

"Stika ilikuwa uongo, masharti yalikuwa kweli. Gari langu ninalo kwa sababu ulinisomea kitu ambacho sikukisoma mwenyewe. Hii ni ada yako. Umeifanyia kazi."

Aliingia garini, akaondoka bila kelele, kama yanavyoondoka magari ya aina ile.

Injinia alizishika zile noti kwa muda. Kisha akatazama huku na huku, akaziinua moja moja juani, akahakikisha kwamba si bandia.