Bolti Zilivyoniadhiri Mbele ya Bi Zulekha

Jamani, leo nimeadhirika. Tena saa nne asubuhi, jua linaona na watu wanaona.

Mnajua mimi ndiye mchoraji wa karakana ya Bwana Kanji hapa Malindi. (Wa majaribio, mwezi wa sita huu. Cheti changu cha masomo ya usiku nimekibandika mlangoni, mgeni anakiona kabla hajaniona mimi.) Bosi aliniahidi kwamba nikiifanya kompyuta ya michoro ielewane na ya stoo, ataniajiri kwa barua, si kwa mdomo tena.

Programu ya kuchorea ina maktaba yake: bolti, nati, beringi, zote zimekwisha kuchorwa, wewe wachagua tu. Programu ya stoo nayo inajua kila kipuri kiko rafu gani. Kazi yangu ilikuwa kuzioanisha, ili nikichora bolti, stoo itoe bolti ileile. Nimehangaika wiki tatu. Jana nikaona njia ya mkato, kufuata namba za majina: kumi ya maktaba kwa kumi ya stoo, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Nikabofya. Zikaoana zote, bila posa wala mahari. (Nilijipigia makofi. Peke yangu.)

Leo ikawa zamu ya mashine ya kukunia nazi ya akina mama wa Takaungu. Fremu ilishatobolewa kwa mchoro wangu, imebaki kufungwa. Stoo ikatoa mfuko wa bolti kwa orodha ya kompyuta. Fundi Kahindi, aliyeshika spana kabla mimi sijazaliwa, akazipima kiganjani, akasema zinamtia shaka, mbona nyembamba. Nikamweleza kwa upole wa msomi kwamba kompyuta haiingiwi na shaka. (Ndiyo, nilisema. Nipigeni.) Mimi bolti nimezoea kuziona kwenye skrini, ambako kila moja ni kubwa kama ndoo.

Bi Zulekha, mwenyekiti wao, akafika na pikapu. Nikampa shikamoo. Bosi akamwambia leo atafungiwa mashine na msomi mwenyewe. Nikakunja mikono ya shati.

Bolti ya kwanza nikaitia tunduni. Likaingia shina, kikaingia na kichwa, ikatokea upande wa pili. Tang, sakafuni.

Nikatabasamu, nikatia ya pili. Tang. Ya tatu nikaitia polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Tang, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha bosi.

Bi Zulekha akainama kuchungulia. "Mwanangu, mashine yenu yala vyuma vyake yenyewe? Na nazi zangu je, itazibakisha?"

Karakana nzima ikazima mitambo ili icheke vizuri. Fundi Kahindi hakucheka (alikuwa anajiwekea akiba). Akaokota bolti, akachukua spana ya kumi, ikakamata kichwa barabara.

"Majina ya stoo niliyatoa mimi," akasema. "Sisi bolti twaiita kwa spana yake. Wewe kumi yako ni ya nini?"

Unene wa shina, nikajibu kwa sauti ya mbu. Kumbe bolti niliyoitaka, yenye shina la kumi, kwa mafundi ni kumi na saba, kwa spana ya kichwa chake. Kumi yao ni kijiti tu. Na mimi nilishaiozesha stoo nzima hivyo.

Bosi akanitazama kwa muda wa kuivisha maharagwe. Zikaletwa za kumi na saba, Kahindi akafunga, na adhuhuri haijaingia Bi Zulekha akaondoka na mashine yake, kaijaribu kwa nazi mbili, kaipenda.

Ajira? Nimepata, wallahi! Bosi amesema aliyeaibika namna hii harudii. Ila barua ataitia sahihi nikishapima kila bolti ya stoo kwa mkono, shina na kichwa, Kahindi akikagua. Sasa hivi nimekalia debe, vidole vyeusi kwa grisi, moyo mweupe. Kucheka ni ruhusa, lakini mje mcheke hapa hapa: zimebaki rafu kumi na nne.