Nakala ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024. Thika iliamka na manyunyu na baridi ya kuuma masikio. Gachau alifungua duka lake la kutoa nakala akipiga mluzi, kwa sababu baridi huwapa watu haraka, na mwenye haraka haangalii mashine imetoa karatasi ngapi.

Nelima, fundi cherehani katika kiwanda cha nguo, aliingia na kitambulisho na hati ya mshahara yenye namba yake ya simu. Alikuwa anaomba mkopo wa benki anunue nyumba huko Mugutha. Gachau alimkabidhi nakala kwa mikono miwili, kama shemasi. Nakala ya pili aliisukuma chini ya meza.

"Mungu akufungulie milango, mathe."

Milango ilifunguka kweli. Wauzaji wa bima, vigae, mapazia na matangi ya maji, wote waliouziwa namba yake na Gachau, walimpigia Nelima bila kupumzika. Msimamizi kiwandani akamwonya: simu ikilia tena kwenye mashine, arudi nayo nyumbani moja kwa moja. Lakini angeizima vipi? Benki ingempigia wiki hiyo, na asipopokea, nyumba ingepewa mtu mwingine.

Alhamisi jioni, ushirika wa maombi ulikutana nyumbani kwa Nelima, Ruiru. Gachau alifika na suti, na Biblia ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha bei. Desturi yao ni kwamba mgeni husimama, hujitambulisha, na huacha namba yake ya simu ili aombewe.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Ndugu Gachau. Najenga nyumba mbili kwa mkopo, moja Thika, moja hapa Ruiru. Wauzaji walinisumbua mpaka nikapata dawa. Oneni simu yangu, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Kwa ada kidogo tu, zenu pia nitazituliza."

Akataja namba yake, akairudia polepole, asije akakosa mteja.

Hapo simu ya Nelima ikalia. Alikuwa muuzaji wa vigae. Nelima akaongeza sauti, wote wasikie.

"Kaka, namba yangu ulipewa na nani?"

"Gachau wa kutoa nakala, hapo Thika. Kwani hakukuambia?"

Ghafla Gachau alikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Akatoka bila kuomba baraka.

"Mwacheni aende," alisema Mama Njambi, kiongozi wao. "Namba yake si tunayo?"

Nelima akarudi kwenye simu. "Kaka, yangu ifute. Mwenye nyumba mbili ni Gachau mwenyewe."

"Mbili? Na vile tunajuana, amenyamaza tu?"

Tangu hapo kila muuzaji aliyempigia yeyote katika ushirika alielekezwa kwa Ndugu Gachau. Ijumaa simu ya Nelima ililia mara moja tu. Ilikuwa benki. Mkopo umekubaliwa.

Alhamisi iliyofuata Gachau alirudi bila tai, macho mekundu, simu ikitetemeka mfukoni kama kuku aliyefungwa.

"Mama Njambi, niondoleeni hawa watu. Hata wateja wangu hawanipati."

"Umekuja na zile nakala za watu, kama nilivyokuagiza?"

Alikuwa nazo. Alizichoma mwenyewe kwenye jiko la makaa, kisha akawapigia wauzaji wake, mmoja baada ya mwingine, wafute namba za watu.

"Sasa simama," akasema Mama Njambi. "Sema, watu wasikie."

Gachau akasimama. Simu ikalia, akaikandamiza kifuani.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi: mtu akiniomba nakala moja, nitatoa moja."