Bomba la Kitambaa Chekundu

Kitendawili. Usiniitikie kwa mdomo mzito, itikia kama mtu aliyekula akashiba. Hapa Kigali wengine husema sakwe sakwe, nawe ujibu soma; yote ni kuingia nyumba moja. Haya basi: nyumba yangu ina milango miwili, haina bawaba wala kufuli. Mgeni huingia bila hodi, na mwenye nyumba hajawahi kuamka akafunga. Ni nini?

Umeshindwa? Nipe mji. Kigali yote sitaki, ina vilima vingi na magoti yangu ni mawili. Nipe Gatsata tu, kule juu ya Nyabugogo, ambako gari huingia zima likatoka vipande. Haya, nimekwenda Gatsata, nikamkuta Clovis.

Clovis alikulia Bujumbura, akaja huku na mzigo mmoja tu, nao ni ulimi. Angeweza kumuuzia samaki mwavuli, na samaki akarudi kesho kuulizia wa mke wake. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu mabomba ya moshi ya pikipiki, yale yenye kelele. Maana mji huu una adabu kupita kiasi, hata mbwa wake hubweka kwa zamu. Sasa mtu ananunua pikipiki nene, ile ya kukalia kama kochi na miguu mbele, anapita barabarani na hakuna anayegeuka. Moyo haumuumi? Unamuuma. Basi huyo ndiye mteja wa Clovis.

Ukutani mwa duka lake lilining'inia bomba moja halisi, refu kama tarumbeta ya malaika. Bomba hilo lilikuwa ng'ombe. Usicheke. Mjomba wake alimpa ng'ombe wa mahari ili amwoe Spès. Clovis akamuuza, akanunua bomba, akaapa kwamba litamrudisha ng'ombe pamoja na ndama. Spès akamwambia neno moja: ng'ombe asiporudi, harusi hakuna. Lakini alikuwa na mkono mzuri wa rangi, na wakati wa kumngoja ng'ombe lazima mtu afanye kitu. Akawa anakaa nyuma ya pazia, anapaka rangi ya fedha mabomba mabovu ya malori mpaka yafanane na lile la ukutani kama pacha.

Mteja akija, Clovis alifunga bomba halisi. Likanguruma, mteja akatabasamu mpaka magego. Kisha likapelekwa nyuma ya pazia kung'arishwa, na lililorudi halikuwa lililokwenda. Kesho yake mteja alirudi analalamika kwamba pikipiki yake inakohoa tu. Clovis alimshika bega, akamweleza kwamba bomba ni kama mtoto wa kiume, sauti huvunjika taratibu. Wengine bado wanangoja.

Asubuhi moja akaingia mzee Rutayisire. Alikulia Uganda, alifanya biashara ya ngozi huko na huku, na koti alilovaa lilikuwa ng'ombe mwingine kabisa. Pikipiki yake ilijaa mlangoni kama bibi harusi.

"Karibu muzehe. Unatafuta bomba?"

"Eeh?"

"Bomba ya kelele, muzehe."

"Hajambo, anakusalimu," mzee akasema, akaketi.

Kwa mikono, kwa kupayuka na kwa neema ya Mungu, wakaelewana. Mzee alieleza kwamba masikio yake yalibaki Uganda. Akiwa juu ya pikipiki hajui kama imewaka au imezima mpaka imsogeze. Alitaka bomba ambalo hata yeye atalisikia.

Clovis akahisi mate yanamjaa. Lakini mjanja hupima maji kabla ya kuvuka. Akazunguka nyuma ya mzee, akasema kwa sauti ya kawaida, "Muzehe, noti yako imeanguka." Ndugu yangu, maneno hayo yangesemwa makaburini Kigali, wawili watatu wangeketi. Mzee Rutayisire hakutikisa hata kope. Aliendelea kuangalia bomba la ukutani kama anasali.

Clovis nusura alibusu pazia. Kiziwi anataka kununua kelele! Kelele na kimya kwake vina bei moja.

Mzee naye akatoa sharti lake. Kwa kuwa hasikii, atajuaje kwamba bomba ni kali? Basi atatazama watu. Watu wa mtaa wakiziba masikio, analipa. Wasipoziba, halipi. Na bomba lake la zamani, lile linalong'aa, waliondoe wabaki nalo kama nyongeza.

Walipokubaliana, mzee akachangamka, akamtegea Clovis kitendawili. Ndicho kile kile nilichokutegea wewe; mimi ni mwizi wa vitendawili tu, chenyewe ni chake. Clovis hakuwa na muda. Akapayuka, "Muzehe, nimeshindwa. Chukua mji, chukua Gatsata yote."

"Ahsante," mzee akasema, na jibu hakulitoa.

Clovis akamgeukia Spès, akapanga mambo palepale, mbele ya pua ya mzee, kama mtu anayeongea mbele ya kabati. Bomba halisi lifungwe kitambaa cha kijani, bandia lifungwe chekundu, yote yalale mezani ili mzee aone wingi wa mali. Wakati wa kufunga, walete jekundu. Spès akauliza kama ana hakika mzee hasikii.

"Huyu? Huyu unaweza kumzika akafikiri anapigwa picha."

Kisha wote wawili wakatoka kuajiri mtaa. Kila mtu aliahidiwa Fanta. Mamotari, madereva wa pikipiki waliosubiri abiria, walitakiwa wazibe masikio na kukunja uso. Alida, muuza mishikaki wa upande wa pili, akaomba nafasi ya kuanguka, kwa kuwa alikuwa na kipaji. Akafanya mazoezi mara kadhaa kwenye gunia la mkaa. Clovis alipita akiwarekebisha kama mwalimu wa kwaya. Walikawia, maana sanaa haiharakishwi.

Na dukani? Dukani alibaki mzee, na meza, na vitambaa viwili. Tumeambiwa hasikii. Hatukuambiwa hana mikono.

Waliporudi, Clovis akachukua jekundu bila kulitazama mara mbili, akafungua bomba la zamani, akalifunga jipya, akakaza skrubu huku anapiga mluzi. Mzee akasukuma pikipiki mpaka katikati ya barabara. Clovis akanyanyua mkono. Mtaa wote ukaziba masikio.

Mzee akawasha.

Lo! Kuku walihama. Mabati yaliimba. Kikombe cha chai cha mtu kilitembea chenyewe mpaka ukingo wa meza, kikajirusha. Alida alianguka kabla ya zamu yake, na mishikaki ikaanguka naye, ya kweli, yenye pilipili. Clovis aliwatazama waigizaji wake kwa fahari, akajisemea kwamba hawa wangefaa kwenye sinema. Kisha akagundua kwamba mikono yake mwenyewe iko masikioni, na yeye hakuwa ameajiriwa.

Ng'ombe wake alikuwa analia, tena anaondoka. Mzee alipunga mkono kwa heshima, akateremka na barabara bila kulipa hata faranga.

"Clovis," Spès akaita kutoka mlangoni. Alikuwa amebeba bomba la zamani la mzee, ile nyongeza, na viganja vyake viwili vilikuwa vya rangi ya fedha. "Hili ni letu. Nililipaka mimi."

Ndiyo, lilikuwa lao. Walimuuzia Johnson wa benki, yule aliyeambiwa avumilie sauti ivunjike. Alivumilia. Na kila Jumapili alikuwa anakula kwa baba mkwe wake, na baba mkwe wake anaitwa Rutayisire.

Spès akaliweka bomba chini, akavua aproni yake, akaikunja vizuri. Clovis alijua maana ya kukunjwa vile. Akakimbia.

Alimkuta mzee pale njia inapoingia lami, amezima injini ili avae kasike, ile kofia ngumu, maana mtu wa Kigali hata akitoroka na ng'ombe wako hatoroki kichwa wazi. Mamotari walikuwa wamejaa pale, wanamtazama Clovis anavyohema. Apige kelele za mwizi? Aseme ameibiwa nini, na alikuwa anafanya nini alipoibiwa? Akasogea karibu, na kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mtu anayeungama kwa padri, akauliza, "Muzehe, kweli wewe hukuwa unasikia?"

Mzee Rutayisire akakaza mkanda chini ya kidevu, akaweka mguu sawa, akamtazama kwa huruma.

"Masikio, mwanangu," akasema. "Jibu ni masikio."